Kutolewa Kwenye Machela

Nyarubimba, Nyakitonto, Kasulu
3 Machi 2013

Kwa mdogo wangu Ernesta, Kibondo mjini.

Nakusalimu salamu nyingi, za asubuhi na za jioni zote nimezifunga humu. Mimi mzima. Mguu wa kushoto unauma kidogo wakati wa baridi, lakini bado napanda kilima bila fimbo, na wa rika langu wote wameshakaa ukutani wanaota jua. Ng'ombe amezaa, dume. Kijana wangu yuko machimboni Geita, hajaleta neno tangu Krismasi. Maharage yamekubali. Kahawa sisemi.

Hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Watu wananiambia mzee piga simu, lakini simu mpaka upande kule kwenye jiwe ndiyo mtandao ushike, na pale unakuta wamesimama watu saba wanakusikiliza. Mimi nilipata cheti cha kisomo cha watu wazima mwaka wa sabini na tano, wa pili kata nzima, na aliyenishinda alikuwa mke wa mwalimu, huyo simhesabu.

Sasa nina jambo. Chama chetu cha machela unakijua. Mimi ndiye mwenyekiti, mwaka wa kumi na nne huu, na pembe iko kwangu, imetundikwa juu ya mlango. Mtu akizidiwa wanakuja kwangu, napuliza, wanaume wanaacha majembe, wanambeba mpaka zahanati, saa tatu za mlima na mto. Hiyo ndiyo sheria. Lakini chama kilikuwa kimekufa, Ernesta, nilikuwa naficha tu. Kwenye daftari tuko arobaini na wawili. Napuliza mpaka mishipa ya shingo inasimama, wanatokea sita. Watu wa juu hawataki kumbeba mtu wa chini, tangu ule ugomvi wa mpaka wa bondeni. Wengine wakisikia pembe wanalala migombani mpaka tupite.

Mwezi wa kwanza tulimbeba baba yake Majaliwa, yule wa chini. Reverien hakuja, alikuwa sokoni Makere anauza maharage. Kikao kikamtoza mtungi mmoja wa pombe ya ndizi. Angeuleta, yangeisha. Yeye akasimama, akasema, "Mwaka jana nimebeba watu kumi na mmoja. Sasa nitawataja waliokuwa wanalala migombani, na kila mmoja alete mtungi wake." Akawataja. Kwa majina, mbele ya wake zao. Ishirini na tisa.

Alikuwa anasema kweli. Hata mimi nilikuwa nawajua. Na hiyo kweli ndiyo iliyomponza.

Tulimtoa kwenye machela siku ileile, na mimi ndiye niliyetamka. Unajua maana yake: hasalimiwi, hapewi moto, haitwi mtungini, na nyumbani kwake mtu akizidiwa pembe hailii.

Ajabu niliyotaka uisikie ni hii. Wiki iliyofuata nikapuliza kwa ajili ya mama mmoja wa juu. Walikuja wote. Arobaini, mimi wa arobaini na moja. Nilidhani labda wamesikia kuna nyumba inaungua. Watu wa chini wameshika miti ya mbele, watu wa juu miti ya nyuma, wanapokezana, wanataniana kama mashemeji. Njia nzima habari ni Reverien tu: anavyotembea, anavyopiga chafya, anavyosalimia watu wasioitika. Jioni wakanywa mtungi mmoja, mirija imesimama kama miiba ya nungunungu. Majaliwa, ambaye miaka sita hajakanyaga kwa Japhet katibu wetu, alimpa Japhet mrija wake mwenyewe. Nilikaa nawatazama, mwili wote unanisisimka kama niko kanisani. Miaka kumi na nne nimehubiri umoja sikuupata. Umekuja siku moja, kwa kumweka mtu mmoja nje.

Sijui ni mwenyekiti gani mwingine angeuweza. Barua anakuletea dereva wa Nurudini mwenye duka.

Ni mimi kaka yako,
Pasikali, Mwenyekiti.


Kibondo
21 Aprili 2013

Kaka Pasikali, shikamoo.

Barua yako ilikaa wiki tano kwenye gari la Nurudini, chini ya kiti cha dereva, ndiyo maana nimechelewa. Sisi wazima. Upepo uling'oa bati mbili za jikoni, fundi amezirudisha. Nimestaafu uuguzi lakini wajawazito bado wananigongea, sijui kukataa. Nimefurahi ng'ombe amezaa salama.

Kaka, umeandika kurasa mbili habari za Reverien na mke wake hukumtaja. Loyce nilimleta mimi hapo kilimani kuolewa, nimemshika mkono. Mama yake tunakaa benchi moja kanisani. Anasema Loyce ana mimba. Ni ya miezi mingapi? Ile ya kwanza ilimtoka na damu nyingi, na waliombeba kwenda zahanati walikuwa watu wa machela yako. Safari hii nani atambeba?

Pale ulipoandika kwamba mwili ulikusisimka, nilimkumbuka mama yetu. Wewe humkumbuki?

Mdogo wako,
Ernesta


Nyarubimba
16 Juni 2013

Mdogo wangu Ernesta,

Marahaba sana. Bati zisipigiliwe misumari mifupi, mwambie huyo fundi mimi nimeezeka nyumba tisa na hakuna iliyoacha bati lake. Ndama anakua. Mahindi tumevuna gunia saba, Japhet kapata tano. Mguu ule niliokwambia umetulia.

Mambo ya huku yanazidi kwenda mbele, na nakueleza ili uelewe, maana wewe uko mjini. Tumelima barabara kutoka shuleni mpaka mtoni, kwa majembe tu, bila diwani. Tumeezeka nyumba ya wajane wawili. Juu na chini hakuna tena, tunaitwa Nyarubimba. Na wimbo wa kazi nimeutunga mimi. Reverien tumempa jina la Bwana Hesabu, kwa vile alivyohesabu watu, basi naanza hivi:

Hesabu, bwana Hesabu,
hesabu na siafu wanaokupanda.

Wanaitikia arobaini kwa pamoja, majembe yanashuka kwa pamoja, ardhi inatikisika. Wanawake wanaacha kuchota maji wanasikiliza. Sijapata kutunga kitu kikashika namna ile, hata ule wimbo wa kumpokea Askofu. Sasa wameanza kusema Reverien ni Mrundi, arudi kwao. Nikawaza, mbona bibi zetu sote walivuka mpaka kutoka Burundi. Lakini sikusema, neno lilikuwa limeshapendeza.

Nikwambie lingine. Mama yake Reverien, Theodosia, yule mzee mwenzangu, juzi asubuhi tulikutana naye njiani tunakwenda barabarani. Akashuka pembeni, akapiga magoti, akapiga makofi taratibu kama tulivyofundishwa, akasema, "Mwakeye." Tukapita. Mtu wa kwanza, wa pili, wa ishirini. Unajua Muha akisalimiwa mwili unaitika kabla ya mdomo. Niliona mikono ya watu inataka kuitika yenyewe. Majaliwa aliifunga yake nyuma. Na yule bibi hakuinuka, alipiga makofi mpaka wa mwisho amepita. Tulipofika mbele tukacheka sana. Sijui tulicheka nini. Tulicheka mpaka wengine wakashikana mabega wasianguke.

Loyce amenenepa, basi. Wanawake wa kilimani wanazaa hata shambani, jembe mkononi. Usinitie homa.

Pasikali, Mwenyekiti.


Kibondo
7 Julai 2013

Kaka Pasikali, shikamoo.

Huku salama. Sina habari nyingi.

Loyce anategemea kujifungua kati ya tarehe ishirini Agosti na tano Septemba. Nimeandika tarehe makusudi, usije ukasema hukujua. Simwombei watu arobaini. Namwombea wanne. Wewe ndiye uliyetamka, ukitamka tena watakusikia.

Na kuhusu mama hukunijibu, basi nitakukumbusha. Ni ule mwaka waliosema amefunga mvua. Mimi nilikuwa na miaka mitano, nimeshika nguo yake. Watoto wa kilima walikuwa wanatufuata nyuma wanamwiga anavyochechemea. Mmoja alimwiga vizuri kuliko wote, mpaka watu wazima wakacheka, wakamwita akae nao motoni. Mama aligeuka, akamwona ni nani. Akageuka tena mbele, akaniambia nitazame njia.

Hakulisema mpaka anakufa. Na mimi sikulisema mpaka leo.

Ernesta


Nyarubimba
6 Oktoba 2013

Mdogo wangu Ernesta,

Pokea salamu. Barua yako ya mwezi wa saba ilifika, nimechelewa kwa sababu ya macho, na penseli iliisha, na kazi zilikuwa nyingi. Ndama alipata minyoo, nimemtibu kwa dawa yangu ya mitishamba, kapona siku tatu. Mambo ya watoto wa zamani sijui umeyatoa wapi. Wewe ulikuwa mdogo.

Loyce hajambo. Mtoto hakukaa. Nasikia wamekwenda kwao na mume wake, kwa hiyo huenda mama yake ameshakwambia. Lakini hawezi kukwambia niliyoyaona mimi, maana nilikuwa mahali pazuri pa kuona.

Ilikuwa tarehe ishirini na nane Agosti, asubuhi. Sote tulikuwa barabarani pale inaposhukia mtoni, tumepanga mstari, tunachimba mfereji. Tukaona kitanda kinashuka mlima. Kitanda cha kamba, wamekifunga miti miwili. Mbele kabeba Theodosia, nyuma Reverien. Bibi wa miaka sabini, Ernesta. Kichwa ameinamisha kama ng'ombe wa kulima.

Majembe yakasimama. Hakuna aliyesema yasimame.

Walipofika katikati yetu yule bibi pumzi zikamwishia, wakakitua kitanda. Palepale, barabarani kwetu, sisi huku na sisi huku. Safari hii hakutusalimia. Loyce alikuwa macho. Alianza kututazama mmoja mmoja, kwa utaratibu, kama mtu anayetafuta nguo yake kwenye kamba ya jirani. Mimi nikatazama chini, na huko chini ndiko nilikoona kitu ambacho sitakisahau. Niliona miguu. Tulikuwa watu arobaini na mmoja, miguu themanini na miwili, na kila mtu alikuwa anatazama mguu wa mwenzake. Ungesogea mmoja, naapa kwa kaburi la baba, ingesogea yote. Walikuwa watu wazuri wale. Wana wake zao. Wamebeba wagonjwa, wamezika watu. Na hakuna uliosogea.

Halafu mtu akaanza ule wimbo. Chini chini. Akaupokea wa pili, wa tatu, mpaka sote. Hatukuimba kwa ukali, usidhani. Tuliimba kama watu wanaopita porini wanajipa moyo. Reverien akamwambia mama yake, "Inua." Wakainua, wakaingia mtoni, maji yakafika kiunoni, wakatokea ng'ambo. Mtoto alizaliwa huko ng'ambo, njiani, akiwa hana pumzi.

Mimi ni mzee, nimeona njaa na nimeona vita ya Kagera. Sijaona nguvu kama ya yule bibi. Na sijaona nguvu kama ile iliyotushika miguu. Nakaa hapa najiuliza ilitoka wapi, maana asubuhi ile kila mmoja wetu alitoka kwake bila hiyo.

Pasikali, Mwenyekiti.


Kibondo
24 Novemba 2013

Kaka,

Shikamoo. Loyce yuko hapa kwangu tangu katikati ya Septemba, na Reverien pia, amepata kibarua cha kufyatua matofali. Ninavyoandika namsikia Loyce uani anapepeta mchele. Nilijua yote kabla barua yako haijafika. Nilikuwa nangoja nione utaandika nini.

Umeandika kitanda, miguu, mto, na ndama wako. Hukuandika kwamba alfajiri ya siku hiyo Theodosia alikuja mlangoni kwako. Loyce anasema pia kwamba pale barabarani alikutazama wewe muda mrefu kuliko wengine, na anajua ulichokuwa umekifunga kiunoni.

Ernesta


Nyarubimba
9 Februari 2014

Mdogo wangu Ernesta,

Nakusalimu. Barua hii nimeianza mara nne. Ng'ombe mzima. Mguu umevimba tena. Kijana wa Geita alileta shati, limenibana.

Alikuja, ndiyo. Mimi nilikuwa nafungua zizi. Akapiga magoti, akasema, "Mwenyekiti, sikuombi watu. Niazime pembe nipulize mwenyewe. Asiyetaka kuja, asije." Nikamwambia pembe haishikwi na mwanamke. Alipoondoka nikaogopa atarudi kuichukua nikiwa sipo, nikaifunga kiunoni nikaenda nayo barabarani. Ndiyo hiyo aliyoiona Loyce. Sasa nimeandika.

Na yule mtoto aliyemwiga mama ni mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Kabla ya hapo tangu mama asemwe sikuwa na mwenzangu wa kucheza hata mmoja, wewe ulikuwa bado unashika nguo ya mama, huwezi kujua. Jioni ile walinisogeza motoni, wakanipa hindi la kuchoma, mkubwa mmoja akanifuta majivu shavuni. Ernesta, nimekula kwenye harusi, nimekula kwa Askofu. Mpaka leo sijala hindi tamu kama lile. Nikifikiri hilo mwili unanisisimka.

Sasa sikia yaliyotokea. Reverien alipoondoka tulifurahi wiki moja. Kisha kilima kikapoa. Krismasi nilipuliza pembe kwa ajili ya mtoto wa Majaliwa mwenye degedege, wakaja tisa. Barabara imeanza kuota majani. Majaliwa na Japhet wamerudia mpaka wao wa bondeni, wametukanana mbele ya padri. Kikao cha Januari watu walikaa mbalimbali, wananuna, kama wafiwa. Nilitazama nikasema moyoni, hawa wamempoteza mtu wao. Wanamhitaji Bwana Hesabu kuliko mke wake anavyomhitaji.

Ndipo Japhet akasema, "Lakini mama yake bado yupo. Na anachota maji kisima chetu."

Ungeziona zile nyuso. Umeona karabai unavyoipampu, mwanga unavyopanda kidogo kidogo mpaka chumba kizima. Watu walisogeleana kwenye mabenchi bila kuambiwa. Majaliwa akasema kweli kabisa, na aliyemroga baba yake anamjua. Huyo Majaliwa dakika tano nyuma alikuwa anataka kupigana na Japhet. Mtu mmoja akaanza kucheka, hata kichekesho hakijasemwa bado. Wote wakanigeukia, wakaniambia, "Tamka, Mwenyekiti."

Nilifungua kinywa. Sikufichi, nilitaka. Neno lilikuwa tamu ulimini, na wote walikuwa wananitazama kwa mapenzi ambayo hata marehemu mke wangu hakunitazama nayo.

Usidhani nimeokoka. Kilichonikera ni Japhet. Mtu niliyemshika mkono mimi mwenyewe kuandika jina lake, leo ananiambia nitamke nini. Nikafunga kinywa. Nikasimama, mguu unauma, nikatoka. Wakadhani nakwenda haja. Nikaenda moja kwa moja mpaka kwa Theodosia, nikasimama uani kwake, nikasema "Mwakeye," na ilikuwa saa kumi jioni. Kwa kuchanganyikiwa nilimpa salamu ya asubuhi. Alikuwa anachambua maharage. Akanitazama miguu, si uso. Kisha akapiga makofi, akaitika. Nikaifungua pembe kiunoni, nikamkabidhi. Aliigeuzageuza kama mtu anayetafuta ufa, akaiweka kwenye kapu juu ya maharage, akaendelea kuchambua.

Walikuwa wamenifuata. Walisimama nje ya ua wote, wameona.

Mimi nimetolewa kwenye machela siku hiyohiyo. Japhet ndiye mwenyekiti. Alitamka vibaya, alirudia neno mara mbili.

Pasikali


Kibondo
13 Aprili 2014

Kaka yangu Pasikali, shikamoo.

Barua yako nimeisoma peke yangu, halafu nikamsomea Loyce ile sehemu inayomhusu. Aliniambia nirudie pale kwenye pembe na maharage. Nikarudia. Nilimuuliza kama nikuandikie salamu zake. Amesema hana. Sikumbembeleza.

Njoo Kibondo. Nina chumba, na kwenda hospitali ni kuvuka barabara tu. Umri wako na mguu huo, huwezi kukaa mahali ambapo ukianguka hakuna wa kukuinua. Nurudini amesema gari lake litakuchukua pale barabara kuu. Jibu upesi, wala usiandike habari za ndama.

Ernesta


Nyarubimba
27 Julai 2014

Mdogo wangu Ernesta,

Nakusalimu wewe na wote wa hapo kwako, anayetaka apokee, asiyetaka aiache tu mezani. Ndama simsemi.

Siji. Usikasirike. Nina kazi huku, na nitakueleza ni kazi gani.

Kwanza ujue kilima kiko safi sana. Tangu nitolewe, barabara wameilima upya, mfereji wameumalizia, pembe mpya wamepata, sauti yake nyembamba. Wote wanakuja. Majaliwa na Japhet wanachunga ng'ombe pamoja. Wamenitungia wimbo, unahusu mguu wangu, na mstari wa tatu haukubali mapigo ya jembe, yeyote aliyetunga hajui kazi. Nakaa uani nawasikia wanaupandisha kule chini. Nikwambie jambo la aibu? Siku ya kwanza nilijikuta nimesimama. Miguu ilitaka kwenda. Nilitaka kwenda kuimba nao, Ernesta, wimbo wa kunitukana mimi, nisimame mle katikati. Nilishika nguzo ya zizi mpaka walipomaliza.

Theodosia ananisalimia kila siku, salamu kamili, kisha basi. Neno zaidi ya salamu hanipi. Ni haki yake.

Sasa ajabu yenyewe, kubwa kuliko zote nilizokuandikia. Mwezi wa tano nilikutana na Majaliwa kisimani, yuko peke yake. Akatazama huku, akatazama kule, akanisalimia. Salamu ndefu yote, akauliza mguu, akauliza ng'ombe, akauliza na wewe wa Kibondo. Akanibebea ndoo kupanda ule mteremko, ananieleza mke wake anakohoa, anauliza dawa yangu. Tunakwenda kama baba na mwana. Kwenye kona akatokea Japhet na mwenzake. Majaliwa akamwaga ndoo miguuni pangu. Wakacheka watatu, Japhet akamwekea mkono begani. Nilimtazama usoni yule kijana nikitafuta aibu. Haikuwepo. Alikuwa na furaha ya kweli, furaha ya mtu aliyefika kwao.

Nikaanza kuchunguza. Yule wa juu, fundi seremala, akinikuta peke yake ananipa tumbaku. Yule mwenye mapacha ananipungia mkono. Hata Japhet, ndiyo, Japhet mwenyewe, alinikuta makaburini pasipo mtu akavua kofia. Miezi miwili hii nimewapitia mmoja mmoja. Wenye daftari ni arobaini, na walionisalimia wakiwa peke yao ni thelathini na sita. Thelathini na sita, na kilima kizima kimenitenga. Basi anayenitenga ni nani? Wakiwa mmoja simwoni. Wakiwa wawili yupo, amesimama katikati yao, na wote wawili wanamwogopa.

Ndiyo kazi yangu hiyo. Nataka nione wawili wakinisalimia pamoja. Siombi arobaini. Wawili tu, huyu anamwona mwenzake na bado anaitika. Mtu mwingine angechoka, lakini mimi unanijua, mimi nilikataa hata sindano ya ndui mpaka wakanishika wanne. Kila asubuhi nabeba kigoda changu nakaa njiapanda, wakipita nawapa salamu yote, na makofi, mguu nimeunyoosha. Wanaangalia milimani. Mguu sikufichi, umekuwa mweusi kwenye kifundo. Ukiniuliza nani atanibeba, sijui. Sijafika huko.

Jana walipita wawili, Majaliwa na yule seremala. Niliwasalimia mpaka mwisho. Mmoja alikohoa.

Kaka yako,
Pasikali